Ukitafutwa na Klabu Tatu: Mwongozo kwa Mchezaji wa Lubumbashi

Mwongozo huu si wa anayetafuta timu. Ni wa yule ambaye timu zinamtafuta yeye. Umefunga mfululizo pale Kamalondo, au umemzima mshambuliaji hatari siku ya Mazembe na Lupopo, na sasa simu hainyamazi. Mmoja anapiga kutoka Dar es Salaam, mwingine Casablanca, wa tatu anasema yuko Liège na anakuita "mwanangu" ingawa hamjawahi kuonana. Papa anataka hii, mama anataka ile, yaya ameshaanza kuulizia bei za magari. Dirisha la usajili linafungwa baada ya wiki chache.

Usianze kutaja bei. Anza kuuliza.

Mfano mzuri kuliko yote ninayoijua hautoki kwenye mpira wetu bali kwenye besiboli, mchezo ambao wengi wetu tumeuona katika filamu za Kimarekani tu. Mwishoni mwa 2017 Mjapani Shohei Ohtani, kijana wa miaka 23, alikuwa akitakwa na karibu kila klabu ya ligi kuu ya Marekani. Wakala wake hakukaa kusubiri nani atapandisha dau. Aliziandikia klabu zote 30 akazitaka zijibu kwa maandishi: mnamwonaje kama mrushaji, mnamwonaje kama mpigaji, mtamkuza kwa mpango gani, matibabu yenu yakoje, viwanja vya mazoezi vikoje, mji wenu utampokeaje mgeni. Klabu za matajiri zikaketi kuandika majibu kama wanafunzi siku ya mtihani. Chache zikaitwa kuonana naye ana kwa ana, na tarehe 8 Desemba akachagua Los Angeles Angels. Mjapani mwingine, Roki Sasaki, aliyejiunga na Los Angeles Dodgers Januari 2025, alizidi hapo: alizipa klabu kazi ya kueleza kwa nini kasi ya mipira yake ilikuwa imeshuka.

Utasema hao walikuwa na jeuri. Hapana, walikuwa na kanuni iliyowasaidia. Ligi ile humwekea kikomo cha pesa ya kusaini mchezaji wa kigeni aliye chini ya miaka 25, na Ohtani alipokea dola 2,315,000 tu, kiasi kidogo sana kwa mtu wa kiwango chake. Kwa kuwa hakuna aliyeweza kumzidi mwenzake kwa kitita, yalibaki maswali ya mpira na ya maisha. Fanya hivyo nyumbani kwako jioni moja. Jifanye bahasha zote tatu zina kiasi kilekile. Ungekwenda wapi? Andika jibu kwenye karatasi, ndipo urudishe pesa mezani. Ikiwa jibu limebadilika, angalau utakuwa unajua ni pesa inayokupeleka, na utaidai ya kutosha.

Mkataba ulio nao sasa

Kabla ya kusikiliza mtu yeyote, toa mkataba wako kabatini usome tarehe yake ya mwisho. Kama hauko kabatini bali uko kwa "mkubwa" fulani, tatizo la kwanza ndilo hilo, kaidai nakala. Kanuni za FIFA ziko wazi: klabu inayokutaka ukiwa bado na mkataba inapaswa kuiandikia klabu yako kwanza. Wewe uko huru kuzungumza na kusaini kwingine pale tu mkataba umekwisha, au umebakiza miezi sita au chini yake. Anayekwambia usaini leo, mambo ya klabu yako atayamaliza yeye baadaye, anakuomba ubebe mzigo ambao yeye hataubeba.

Lubumbashi inaujua uzito wa jambo hili. Mwaka 2011 TP Mazembe ilikuwa imetwaa Ligi ya Mabingwa Afrika mara mbili mfululizo, 2009 na 2010, na miezi michache nyuma ilikuwa imecheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu na Inter Milan kule Abu Dhabi. Ikaitoa Simba ya Dar es Salaam uwanjani bila taabu. Simba ikalalamika kwamba Mazembe ilimchezesha beki ambaye bado alikuwa na mkataba na Espérance ya Tunis. CAF ikaiondoa Mazembe mashindanoni. Bingwa mtetezi alitolewa na karatasi ya mchezaji mmoja.

Mkataba wako ukiisha kihalali, uko huru kweli. Haki hiyo Ulaya ilipatikana mahakamani tarehe 15 Desemba 1995, katika kesi ya Jean-Marc Bosman aliyekuwa akibishana na klabu yake ya Liège. Na kama klabu yako ya sasa haijakulipa mishahara ya miezi miwili kamili, FIFA inakuruhusu kuiandikia notisi ya siku 15, na isipolipa uvunje mkataba kwa haki. Iandike notisi hiyo, ubaki na ushahidi. Kugoma tu kwenda mazoezini hakukupi haki yoyote. Kunakugeuza wewe kuwa mkosaji.

Je, utapata namba?

Hili ndilo swali ambalo ningelifanya mlango wa mengine yote, na ndilo ambalo familia huliuliza mwisho. Mshahara mnono wa benchi huisha pamoja na mkataba. Mchezaji asiyecheza haitwi Léopards, haonekani, na dirisha linalofuata jina lake linakuwa la pembeni.

Mfuate Mbwana Samatta hatua kwa hatua. Alikuja Lubumbashi kutoka Simba mwaka huohuo wa 2011, hajafika miaka 20. Wengi Dar es Salaam wakati ule waliiona Congo kama njia ya mzunguko: mtu mwenye kipaji kile si aende Ulaya moja kwa moja? Lakini Mazembe ilikuwa na kitu ambacho klabu ndogo ya Ulaya haikuwa nacho: mechi kubwa za bara kila msimu, uwanja wake yenyewe Kamalondo, na benchi la washindani waliomlazimisha kukua. Alikaa miaka zaidi ya minne. Mwaka 2015 Mazembe ilitwaa Ligi ya Mabingwa kwa kuifunga USM Alger nyumbani na ugenini, yeye akiwa na mabao 7 katika mashindano, na Januari 2016 akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Mwezi huohuo akasaini KRC Genk ya Ubelgiji.

Tazama sasa alivyochagua. Genk si jina la kutisha vijiweni. Lakini ukiuliza wanaotoka pale huenda wapi, unapata majibu: Kevin De Bruyne na Thibaut Courtois waliondokea pale kwenda Chelsea, Kalidou Koulibaly akaenda Napoli, na Wilfred Ndidi, aliyetoka Nigeria, akauzwa Leicester Januari 2017. Klabu inayoishi kwa kukuza na kuuza ina sababu ya kukuchezesha, kwa kuwa usipocheza haikuuzi. Samatta alicheza. Msimu wa 2018/19 Genk ikawa bingwa wa Ubelgiji, naye akapata Kiatu cha Mpingo, tuzo ya mchezaji bora mwenye asili ya Afrika katika ligi ile.

Halafu ikaja Aston Villa, Januari 2020. Mtanzania wa kwanza Ligi Kuu ya Uingereza, Dar es Salaam ikasimama. Nani angekataa? Mimi nisingekataa. Lakini soma mazingira yake, maana ndimo lilimo somo. Tarehe 1 Januari mshambuliaji wa Villa, Mbrazili Wesley, aliumia goti vibaya. Timu ilikuwa ikipigania kutoshuka daraja na ilihitaji mtu wa mbele wiki hiyo. Samatta alifunga Bournemouth, akafunga Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, Villa ikanusurika kushuka. Septemba ikamnunua Ollie Watkins, na kabla mwezi haujaisha Samatta akapelekwa Fenerbahçe kwa mkopo.

Hivyo swali lako kwa kila klabu lisiwe tu "mnanitaka?" Liwe: mnanihitaji mimi, au mnahitaji mtu yeyote wa nafasi hii kwa sasa? Uliza nani anacheza nafasi yako, ana miaka mingapi, mkataba wake unaisha lini, majeruhi atarudi lini. Uliza kocha mwenyewe anasemaje, wala usitosheke na kauli ya mkurugenzi. Mkurugenzi hununua, kocha ndiye anayeandika majina kumi na moja. Na uliza mkataba wa kocha huyo unaisha lini, kwa sababu kocha aliyekuahidi anaweza kufukuzwa kabla hujapata nyumba.

Majibu hayo hayataelekeza wote Ubelgiji. Jackson Muleka, mtoto wa Lubumbashi, alitoka Mazembe kwenda Standard Liège mwaka 2020, kisha akaingia Uturuki hadi Beşiktaş. Ben Malango alichukua njia ya kaskazini: Mazembe hadi Raja Casablanca mwaka 2019, Kombe la Shirikisho mwaka 2021, halafu Sharjah, ambako mshahara wa Ghuba ulimsubiri. Fiston Mayele alitoka AS Vita ya Kinshasa kwenda Yanga, hatua ambayo Kinshasa wengine waliicheka. Akaifikisha Yanga fainali ya Kombe la Shirikisho 2023, akaenda Pyramids ya Misri, na mwaka 2025 akawa bingwa wa Afrika. Dar es Salaam leo inalipa na inaonekana. Kwa mshambuliaji wa miaka 24 anayetaka mechi 40 kwa mwaka, mimi ningeipima Yanga au Simba kabla ya klabu ya daraja la pili Ulaya ambayo hata mechi zake hazirushwi kwenye televisheni.

Na usidharau lugha. Kijana wa Katuba au wa Kenya (naisema Kenya ya hapa Lubumbashi, si nchi) ana Kiswahili na Kifaransa mdomoni bila kulipia masomo. Kifaransa kinamfungulia Ubelgiji, Ufaransa, Uswisi na Maghreb. Kiswahili kinamfungulia Afrika Mashariki yote. Mchezaji anayemwelewa kocha siku ya kwanza ameshawapita wageni wenzake wawili watatu.

Anayeongea kwa jina lako

Tangu Oktoba 2023 FIFA inadai kila wakala awe na leseni, na majina yao yanatafutika kwenye tovuti yake. Dakika tano za megabaiti zinatosha. Mkataba kati yako na wakala hauwezi kuzidi miaka miwili kwa mara moja, na uwe na nakala yake. Ukiambiwa "mimi sina leseni lakini nafanya kazi na mwenye leseni", basi zungumza na huyo mwenye leseni.

Yupo pia yule aliyekununulia viatu ukiwa na miaka 14, na sasa anasema nusu ya mguu wako ni yake. Mshukuru, umsaidie kadiri moyo wako unavyokutuma. Lakini tangu 2015 FIFA imepiga marufuku mtu wa nje kumiliki sehemu ya bei ya mchezaji. Usisaini karatasi inayompa asilimia ya kuuzwa kwako.

Suala la umri na jina nitalisema bila kuzungusha, kwa kuwa hapa kwetu watu hulichukulia kama mzaha. Juni 2021 mshambuliaji wa Stuttgart aliyejulikana Ujerumani kama Silas Wamangituka alijitokeza na kusema jina lake halisi ni Silas Katompa Mvumpa, na kwamba ana mwaka mmoja zaidi ya ulioandikwa. Kijana huyu wa Kinshasa alieleza kwamba wakala wake wa zamani ndiye aliyembadilishia utambulisho na kumshika katika utegemezi. Chama cha soka cha Ujerumani kilimfungia miezi mitatu na kumtoza faini ya euro 30,000, na watu walisema amepata adhabu nafuu. Mtu akikwambia "tupunguze miaka miwili", jua kwamba kuanzia siku hiyo anakushika kooni, maana siri hiyo ni yake pia. Pasipoti yako ikae kwako, si kwa wakala, hata safarini.

Kama hujafika miaka 18, mengi ya hapo juu hayakuhusu bado. FIFA hairuhusu uhamisho wa kimataifa wa mtoto ila kwa mambo machache: mfano wazazi wamehamia nchi nyingine kwa sababu zisizo za mpira, au mtoto anaishi ndani ya kilomita 50 za mpaka na klabu nayo iko ndani ya kilomita 50 upande wa pili. Kijana wa Kasumbalesa anayelala kwao na kwenda kucheza Chililabombwe, Zambia, anaweza kuingia humo, vyama vyote viwili vikikubali. Kijana wa Lubumbashi anayepakiwa ndege kwenda "akademia" asiyoijua haingii. Mazembe na akademia ya Katumbi ziko hapahapa. Miaka miwili zaidi nyumbani haijamwua mtu.

Karatasi yenyewe

Hapa sitakaa sana, kwa kuwa unahitaji mwanasheria, na ada yake ni ndogo kuliko hasara. Ila mwambie aangalie haya. Mshahara umeandikwa kabla ya kodi au baada yake? Unalipwa kwa sarafu gani? Nyumba, tiketi za ndege za familia na bima ya matibabu vimeandikwa, au vimesemwa tu? Ukiumia, nani anachagua daktari? Mkataba usizidi miaka mitano, au mitatu kama uko chini ya 18. Mkopo usizidi mwaka mmoja. Kuna bei maalumu ambayo klabu ikiipata lazima ikuachie? Kama ipo, isiwe ya ndotoni.

Kipimo cha afya na kibali cha kazi vitangulie saini. Kanuni za FIFA zinasema mkataba hauwezi kutegemea vitu hivyo, kwa hiyo klabu inayosaini leo na kupima kesho imejifunga yenyewe. Lakini wewe hutaki kuanza maisha mapya kwa kesi. Pia kumbuka kwamba katika msimu mmoja unaruhusiwa kuandikishwa na klabu tatu na kucheza mechi rasmi kwa mbili tu. Ukikosea Agosti, una nafasi moja ya kurekebisha.

Na klabu yako ya utotoni isisahauliwe. Uhamisho wa kulipiwa kutoka nchi moja hadi nyingine hukatwa asilimia 5 ya kugawiwa klabu zilizokulea kati ya miaka 12 na 23. Ukiuzwa kwa dola 1,000,000, timu ya mtaani Katuba iliyokuwa nawe tangu 12 hadi 15 inastahili dola 10,000, ikiwa tu uliandikishwa rasmi na jina lao linaonekana kwenye kumbukumbu zako. Nenda kwa mwalimu wako wa zamani, mkakague hilo pamoja kabla hujasafiri. Baada ya pesa kugawanywa, kulalamika ni kazi ndefu.

Wiki ya mwisho

Maswali yako yapeleke kwa klabu zote kwa maneno yaleyale, kwa maandishi, kupitia WhatsApp ikibidi. Atakayeyajibu nusunusu amekujibu tayari. Tafuta mchezaji aliyeondoka katika kila klabu, si aliyepo, maana aliyepo ana cha kupoteza. Muulize mambo madogo: mishahara ilikuja tarehe gani, nani alimpokea uwanja wa ndege, Januari baridi ilipozidi alikaa na nani, kanisa au msikiti uko mbali kiasi gani, unga wa bukari anaupata wapi. Ukicheka, cheka, lakini vijana wengi wanaorudi mapema hurudi kwa upweke, si kwa sababu ya mpira.

Nyumbani, wasikilize wote siku moja, kila mtu aseme la moyoni, kisha uwaombe wakuachie usiku mmoja. Mama ana haki ya kuuliza utamtumia kiasi gani, na ni vizuri umjibu kwa tarakimu mapema, ili asisikie kiwango kutoka redioni.

Ukishaamua, zipigie mwenyewe zile klabu mbili ulizozikataa, siku hiyohiyo, kabla picha yako na jezi mpya haijazagaa Facebook. Anza na yule aliyekutendea vizuri zaidi. Mshukuru, mwambie umeamua, usitaje kiasi ulichopewa kwingine na usiombe aongeze. Samatta alirudi Genk kwa mkopo mwaka 2022, miaka miwili na nusu baada ya kuondoka, na akapokelewa. Namba za simu za hao uliowakataa ziache kwenye simu yako.